Uzi wa Bangili Haukazwi Hivyo

Kiwandani walimwita Vifungo. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho tu, na hata mlinzi wa getini alikuwa amelisahau. Kazi yake ilikuwa kushona vifungo. Mashati ya kawaida yalishonwa vifungo kwa mashine. Mashati ya bei ya juu yalitaka mkono, na mkono wenyewe ulikuwa wa Vifungo.

"Kifungo changu hakijawahi kung'oka," alipenda kusema. "Mwenye shati atang'oka yeye, kifungo kitabaki."

Wenzake walimcheka, lakini walijua anasema kweli. Alivuta uzi, akavuta tena, mpaka kitambaa kikalia. Miaka kumi na moja vidole vyake vilifanya hivyo tu: kuvuta, kukaza, kufunga fundo, kukata.

Saa ya chakula cha mchana, wanawake wa kiwanda walikutana kwenye stoo ya vitambaa. Walikula haraka haraka, kisha wakaimba. Walikuwa na kwaya. Mwalimu wao alikuwa msimamizi wa chumba cha kukatia vitambaa, mwanamke mrefu, asiyependa mchezo. Vifungo aliimba sauti ya chini, pamoja na wenzake wawili. Jumamosi ya wiki iliyofuata kwaya za viwanda zilikuwa zinashindana, na kila mtu alikuwa na wasiwasi.

"Mashati meupe tunayo, sketi nyeusi tunazo," alisema mwalimu. "Lakini tunafanana na wahudumu wanaosubiri kuagizwa chai! Tunataka rangi kidogo."

Vifungo akanyoosha mkono kabla hajafikiri.

"Bangili za shanga! Kila mtu mkono wa kushoto. Tukunje mikono ya mashati, tukiinua mikono zionekane. Nilimwona mteja mmoja amevaa, nikaiangalia vizuri jinsi ilivyosukwa. Niachieni mimi!"

Stoo nzima ikalipuka kwa vigelegele. Jamani, Vifungo alifurahi! Kwa miaka yote ile hakuna mtu aliyewahi kumpa kazi nyingine zaidi ya vifungo.

Jioni hiyo alipita sokoni akanunua shanga nyekundu, njano na bluu, kila moja kubwa kama punje ya mbaazi. Uzi hakununua. Uzi wa nini, wakati kabatini ana uzi wa kushonea nguo tele?

Nyumbani alizimimina shanga mezani. Meza ilikuwa imepakwa rangi ya kung'aa, tena inateleza. Shanga zikaona uwanja, zikakimbia. Nyingine zilianguka sakafuni, nyingine zikaingia chini ya kabati. Mmoja, hakuna ajuaye kwa njia gani, ulifika kwenye sahani ya mama mkwe wake. Akautafuna.

"Mkwe wangu," mama mkwe alisema huku akiutoa ushanga mdomoni, "mawe ya mchele nimeyazoea. Haya ya rangi yanauzwa wapi?"

Mume wa Vifungo alikuwa fundi bomba, mtu wa vicheko. Alicheka mpaka akapaliwa. Kisha akaja kumwangalia mkewe anavyosuka, akampiga begani.

"Kaza uzi, mke wangu! Kaza uzi!"

Wewe msomaji unajua maana yake. Ni kama kusema jitahidi, usikate tamaa. Kila alipopita nyuma ya kiti alirudia hivyohivyo. Lakini Vifungo alikuwa amezama katika kazi. Alisikia neno "kaza", na vidole vyake vikalisikia zaidi. Basi akakaza. Alivuta uzi kama anashona kifungo cha koti la mkurugenzi.

Bangili ya kwanza ilitoka ngumu. Ukiishika ncha moja, ilisimama yenyewe kama kijiti. Ya pili ilijikunja. Ya tatu ilipinda upande.

"Zitanyooka zikivaliwa," alijiambia.

Siku ya Jumatatu alizipeleka mazoezini. Mwalimu alivaa moja, na waimbaji wawili wa mstari wa mbele wakavaa zilizobaki. Wimbo ukaanza vizuri. Ikafika pale pa kuinua mikono.

Paap!

Bangili ya mwalimu ilikatika. Shanga ziliruka huku na huku, zikadunda sakafuni. Mwimbaji mmoja alizikanyaga, akateleza, akakaa kitako juu ya robota la vitambaa. Kabla hajainuka, paap! Ya pili nayo ikaenda. Wanawake walicheka mpaka wakashika mbavu.

Mwalimu hakucheka, wala hakugomba. Alingoja mpaka ushanga wa mwisho ulipotulia.

"Vifungo," alisema, "Jumamosi ukumbi utajaa. Hili likitokea jukwaani, hatutaimba tena, tutaokota shanga mbele ya watu. Nakupa wiki hii tu. Zikikatika tena, tutapanda na mikono mitupu, na habari ya bangili iishe hapo."

"Sawa, mwalimu," Vifungo alijibu. Alipiga magoti akaokota shanga moja moja, na aliumia sana moyoni. Aibu ilimchoma kuliko alivyotegemea. Alikuwa ameomba kazi hiyo mwenyewe, tena kwa mdomo mpana.

Jirani yake wa mlango wa pili alikuwa msusi wa nywele. Jioni hiyo alikuwa barazani na mteja, mwanamke mnene aliyeshika kioo. Msusi alikuwa na macho ya kuona kila kitu bila kuacha kusuka.

"Vipi jirani? Mbona leo unapita kama umeibiwa?"

"Bora ningeibiwa," alisema Vifungo. Akamfungulia mfuko wa shanga, akamweleza yote. Mteja mwenye kioo alianza kucheka, msusi akamgusa bega anyamaze.

"Nionyeshe ile moja isiyokatika," msusi alisema.

Aliigeuza bangili mkononi. Aliipinda kidogo, akaisikiliza, akacheka polepole.

"Jirani, hii bangili imefungwa maisha! Haina pa kupumulia. Uzi gani huu?"

"Wa kushonea nguo. Mzuri kabisa."

"Mzuri kwa nguo." Msusi alichukua kipande cha uzi, akakipitisha kwenye ushanga, akakivuta mbele na nyuma mara nyingi. Uzi ukaota manyoya. "Umeona? Tundu la ushanga lina kingo. Pamba inasagika humo taratibu, mwisho inakatika. Kwa shanga tumia uzi wa nailoni, ule mwembamba unaoteleza. Lakini uzi ni nusu ya kesi. Nusu nyingine ni huo mkono wako. Kwa nini umevuta hivi?"

"Mume wangu ndiye aliyeniambia! Kila akipita, 'Kaza uzi, mke wangu, kaza uzi!' Nami nikakaza."

Msusi aliacha kusuka. Alimtazama jirani yake, kisha akamtazama mteja. Wote wawili waliangua kicheko.

"Jamani wee! Mwanamume wa watu anakutia moyo, wewe unamtii neno kwa neno? Angekuambia 'kaza buti' ungevaa buti zake za kazini?"

Hapo Vifungo naye alicheka, kwa mara ya kwanza tangu mchana. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na moyo wake ukapata nafuu.

"Sikiliza sasa," msusi alisema, akarudi kwenye kichwa cha mteja. "Nywele nazo ni hivihivi. Nikizikaza sana, mwenye kichwa halali, na nywele za mbele zinang'oka. Nikizilegeza, kesho zinafumuka."

"Mwezi uliopita ulinikaza mpaka nyusi zikapanda," alisema mteja. "Watu walidhani nimeshtuka wiki nzima."

"Si ulirudi kulalamika? Basi siku hizi napima kwa vidole. Jirani, nenda dukani ukanunue uzi. Nikimaliza kichwa hiki, njoo kwangu. Mimi nilisuka shanga kabla sijaanza kusuka nywele."

Nusu saa baadaye walikuwa wamekaa karibu na dirisha la msusi, kwenye mwanga mzuri. Msusi alileta sinia, akatandika taulo juu yake, akamimina shanga. Hazikukimbia hata moja. Zilitulia kwenye taulo kama zimeambiwa kukaa.

"Kumbe!" Vifungo alisema, akamkumbuka mama mkwe wake.

"Kwanza tuzichague. Pitisha sindano kwenye kila ushanga. Ukiona tundu ni jembamba, au ukingo umevunjika, weka kando. Usiulazimishe. Huo ndio unaokata uzi."

Walichagua wakipiga soga. Kisha Vifungo akapima mkono wa msusi kwa uzi, akaongeza upana wa kidole kimoja ili bangili isibane. Akakata uzi mrefu, kama urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, akatia sindano kila ncha.

"Tunafungia nini mwishoni?" aliuliza.

"Wewe unaniuliza mimi? Si wewe ndiye Vifungo? Kifungo cha shati upande mmoja, kitanzi cha shanga upande wa pili."

Vifungo alitabasamu mpaka masikioni. Alipitisha uzi kwenye matundu mawili ya kifungo, akakiacha katikati. Sasa alikuwa na ncha mbili, moja kushoto, moja kulia.

"Ushanga ni mlango," alisema msusi. "Ncha hizi ni majirani wawili. Mmoja anaingia mlangoni kutoka kushoto, mwingine anaingia mlango huohuo kutoka kulia. Wanapishana, wanasalimiana, kila mmoja anatokea upande wa pili. Haya, wapishanishe kwenye ushanga mwekundu."

Vifungo alipitisha ncha ya kwanza. Akapitisha ya pili kutoka upande wa pili. Zikapishana.

"Sasa tia ushanga wa njano kwenye ncha ya kushoto, na mwingine wa njano kwenye ncha ya kulia. Umetia? Chukua mwekundu, wapishane tena humo. Vuta taratibu ncha zote mbili."

Shanga zilisogeleana. Mbele ya macho yake likatokea ua dogo la shanga nne: mbili nyekundu, mbili za njano.

"Limetokea!" Vifungo alipiga kelele. "Msusi, limetokea!"

"Limetokea, lakini mkono wako unaenda wapi?"

Vifungo aliutazama mkono wake. Ulikuwa tayari umezungusha uzi kidoleni, unataka kuvuta kwa nguvu. Miaka kumi na moja si mchezo.

"Achia," msusi alisema. "Shanga zikigusana, simama. Hapo hapo. Ukivuta zaidi zinaanza kupandiana, ndiyo maana zile zako zilijikunja. Mkono ukipinda, bangili haina nafasi ya kupinda nao, basi uzi unakatika."

Kila baada ya maua matatu, msusi alimwambia ailaze bangili kwenye sinia. Mara ya kwanza iliinuka ncha kama mkia wa nge.

"Umekaza. Fumua."

"Yote?"

"Mpaka pale ilipolala vizuri. Kufumua si hasara, shanga zako zote zipo."

Mara ya pili uzi mtupu ulionekana kati ya shanga, kwa sababu Vifungo aliogopa akalegeza. Akafumua tena. Mara ya tatu bangili ililala. Msusi aliinua ncha moja, na bangili ikaning'inia laini, ikazunguka kidole chake bila ubishi.

"Hiyo sasa!" alisema msusi. Vifungo aliruka kwenye kiti.

Mwishoni alitia shanga za bluu za kutosha kuzunguka kifungo, akarudisha ncha ya pili ndani yake, kikawa kitanzi. Alizungusha uzi humo mara mbili ili kiwe imara, akafunga fundo. Akachukua mkasi.

"Ngoja!" msusi alimshika mkono. "Ukikata hapo fundo litateleza. Rudisha kila ncha ndani ya shanga tano au sita, ndipo ukate. Na shanga zilizobaki zitie kwenye kopo lenye kifuniko. Mtoto mdogo akiona ushanga anaona pipi."

Bangili hiyo, iliyopimwa kwa mkono wa msusi, ilibaki kwa msusi. Vifungo alirudi nyumbani akikimbia. Mumewe alikuwa anaosha mikono uani.

"Wewe mume! Umenitia aibu na hiyo kaza uzi yako!"

Alipomweleza, fundi bomba alijipiga paji la uso.

"Na mimi ndiye niliyepaswa kukuambia! Koki ngapi nimepasua nikiwa mwanafunzi kwa kukaza kupita kiasi? Haya, kuanzia leo nitasema 'taratibu, mke wangu.'"

"Usiseme chochote," mama mkwe alisema. "Mletee taulo."

Kila siku kiwanda kilifungwa saa kumi jioni. Jumanne Vifungo alisuka bangili tatu dirishani kabla jua halijazama. Ya kwanza ilichukua saa nzima, ya tatu dakika arobaini. Macho yalipochoka, alisimama akatazama nje kidogo, kisha akaendelea. Jumatano tatu, Alhamisi tatu. Ijumaa tatu za mwisho, na kila moja ilimchukua nusu saa. Alilala kwa furaha.

Jumamosi, nyuma ya jukwaa, kulikuwa na vurugu tamu. Kwaya zilipasha sauti, watu walitafutana, mtu aliuliza kioo kiko wapi. Vifungo aligawa bangili. Mwalimu aliichukua yake, akaivuta huku na huku, akapiga makofi, akazungusha mkono hewani. Bangili ilicheza na mkono. Mwalimu aliguna.

"Nzuri," alisema. Kwake hilo lilikuwa neno kubwa. Kisha akahesabu bangili. "Kumi na mbili. Vifungo, yako iko wapi?"

Vifungo alifungua mfuko. Ulikuwa mtupu. Wiki nzima alikuwa amehesabu waimbaji akiwa amesimama mahali pake mazoezini. Aliwaona wote. Mtu mmoja tu hakumwona.

"Mungu wangu! Nimejisahau mwenyewe!"

Wenzake walishika vichwa. Mmoja alianza kucheka akajizuia.

"Imbeni bila mimi," Vifungo alisema. "Mkono mmoja mtupu utaharibu mstari wote."

"Sauti ya chini mko watatu tu," alijibu mwalimu. "Ukitoka, wimbo unachechemea. Shanga unazo?"

Alikuwa nazo. Alikuja na kopo, uzi na sindano, kama moja ingeleta matata.

"Mbele yetu zimebaki kwaya tatu. Kama nusu saa. Utaweza?"

"Nitaweza. Lakini kifungo sina."

Wote walitazamana. Kisha Vifungo aliutazama mkono wa shati lake. Kifungo chake alikuwa amekishona mwenyewe, kwa nguvu zake zote.

"Nipeni mkasi."

Kilikatika kwa shida. Akakaa sakafuni, akatandika skafu ya mwenzake mapajani ili shanga zisitoroke. Kifungo katikati ya uzi. Mwekundu, wapishane. Njano kushoto, njano kulia. Mwekundu, wapishane. Moyo ulimwenda mbio, lakini vidole alivishika visifuate moyo. Shanga zilipogusana, alisimama. Huko jukwaani kwaya ya kwanza ilishangiliwa. Akalaza kazi sakafuni: imelala. Akaendelea. Wenzake walimzunguka. Kwaya ya pili ikamaliza. Alipofika kwenye kitanzi, kwaya ya tatu ilikuwa kwenye ubeti wa mwisho.

"Fundo limekaa, kata tu!" mwimbaji mmoja alimhimiza.

"Bado," alisema Vifungo. Alirudisha ncha ndani ya shanga sita, kila upande, ndipo akakata. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyemfungia mkononi.

Walipanda. Waliimba. Ikafika pale pa kuinua mikono, na mikono kumi na mitatu ikapanda kwa pamoja, nyekundu na njano na bluu juu ya mashati meupe. Ukumbi ulipiga kelele. Vifungo aliimba na kusikiliza sakafu kwa wakati mmoja. Hakuna kilichoanguka. Waliitikisa mikono, wakapiga makofi, wakaizungusha. Hakuna ushanga hata mmoja ulioanguka. Ubeti wa mwisho aliuimba kwa nguvu zake zote, machozi yanamtoka, wala hakuona haya.

Walishika nafasi ya pili. Lakini walipotoka nje, wanawake wa kwaya iliyoshinda walimfuata yeye. Walimshika mkono, wakaugeuza huku na huku.

"Dada, bangili hizi mmenunua duka gani?"

"Duka gani? Tumezisuka nyumbani," alisema Vifungo. "Njooni kwangu kesho mchana. Kila mtu aje na sinia na taulo."

Jumapili walikuja saba. Msusi aliletewa kiti cha heshima. Mama mkwe alishika kazi ya kuchagua shanga, na hakuna tundu bovu lililompita. Wa mwisho kuingia alikuwa mwalimu wa kwaya yake Vifungo, taulo begani. Alikaa kwenye kona akasuka kimya, uso umekunjamana kwa bidii. Baada ya saa moja aliinua bangili yake. Ilikuwa imesimama wima.

Kila mtu alimtazama Vifungo.

"Fumua, mwalimu," Vifungo alisema kwa upole. "Rudi mpaka ua la nne."

Mwalimu aliitazama bangili. Akaitazama tena. Kisha akavuta sinia karibu, akainamisha kichwa, akaanza kufumua.